Maneno ya Programu Yaende Wapi?

Watu wengi wakikaa mbele ya kompyuta huuliza imesema nini. Ni wachache wanaouliza imemwambia nani. Swali hili la pili ndilo ninalotaka kulishughulikia katika kurasa hizi, kwa sababu limenikalia kichwani miaka mingi ya kazi yangu, na kwa sababu historia yake ni fupi, ina watu wanaojulikana kwa majina, na inaweza kueleweka hata na msomaji ambaye hajapata kuandika programu maishani mwake.

Nazungumzia zile programu za mstari wa amri, zisizo na picha wala vitufe vya kubonyeza kwa kipanya. Unaandika amri, programu inafanya kazi yake, kisha inatoa maneno. Maneno hayo yanaweza kwenda kwenye skrini, au kwenye karatasi ya printa, au kwenye faili la kuhifadhiwa, au yakamezwa na programu nyingine. Sasa nani aamue? Mwandishi wa programu, ambaye pengine aliiandika miaka mitano iliyopita katika nchi nyingine, au mtu aliyeketi hapa leo mwenye kazi ya kumaliza? Jambo linaonekana dogo. Lakini nimeona wazee wakikosa fedha zao kwa ajili yake, nami nitaeleza mbele.

Wakati wa kadi za matundu swali hili lilikuwa limekwisha kuonekana. Katika Fortran za miaka ya 1960 mwandishi wa programu hakulazimika kutaja printa kwa jina. Alitaja namba tu, na kwa mazoea ya mashine za IBM namba 5 ilikuwa kisoma-kadi na namba 6 ilikuwa printa. Mendeshaji wa mashine aliweza kuielekeza namba 6 kwenye utepe wa sumaku, na programu isijue lolote. Mwaka 1964 IBM ilipotangaza mashine zake za System/360, wazo hilo lilipanuliwa. Programu ilitaja jina, tuseme SYSPRINT, na kadi nyingine iliyotangulizwa pamoja na kazi ndiyo iliyosema jina hilo ni printa, au diski, au kitu gani. Kimsingi hili lilikuwa jambo la busara kabisa: msemaji aseme, na mwenye kazi aamue pa kupeleka. Tabu ilikuwa katika lugha ya kadi zenyewe. Mkato mmoja ukikosewa, kazi yote inarudishwa bila kufanywa. Fred Brooks, aliyeongoza kazi ya mfumo huo, baadaye aliisema lugha hiyo vibaya kuliko hata wapinzani wake.

Hadithi yenye utamu inaanza mwaka 1969, katika maabara ya Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey. Maabara hiyo ilikuwa imeshirikiana na chuo cha MIT na kampuni ya General Electric katika mfumo mkubwa ulioitwa Multics, na mwaka huo ikajitoa. Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao wakabaki mikono mitupu, wakaanza kujitengenezea mfumo mdogo juu ya mashine ya PDP-7 iliyokuwa haina kazi nyingi. Huo ndio uliokuja kuitwa Unix.

Katika Multics mtu aliweza kuyahamisha maneno ya programu kutoka kwenye teminali hadi kwenye faili, ila alihitaji amri tatu: ya kwanza kufunga njia ya matokeo kwenye faili, ya pili kuendesha programu yenyewe, ya tatu kurudisha njia mahali pake. Ole wake aliyesahau ya tatu! Katika Unix amri hizo tatu ziligeuka alama moja, ile yenye umbo la mshale >. Unaandika jina la programu, unaweka mshale, unataja faili, basi. Alama hiyo haikuwapo siku ya kwanza kabisa, lakini haikuchelewa.

Ritchie alipokuja kuandika historia ya mfumo huo mwaka 1979, alijiuliza kwa nini hawakulifikiria jambo rahisi namna hiyo walipokuwa bado kwenye Multics, ilhali wao wenyewe walitumia zile amri tatu mara kwa mara. Jibu lake lanipendeza kwa kuwa si la kihandisi. Alihisi sababu ilikuwa ukubwa wa mradi. Njia za kuingiza na kutoa maneno zilitengenezwa Murray Hill, na programu ya kupokea amri ilitengenezwa MIT. Watu wa Murray Hill hawakufikiria kuigusa programu ya wenzao, na wenzao pengine hawakujua kabisa kwamba kuna watu wanaotaabika. Yeyote aliyepata kufanya kazi katika ofisi yenye idara mbili zilizotenganishwa na ukumbi mmoja atamwelewa Ritchie bila kufafanuliwa.

Niruhusu, ndugu msomaji, nieleze jinsi mshale huo unavyofanya kazi, maana hapo ndipo penye akili yote. Ile programu inayopokea amri huitwa sheli. Ukiandika mshale, sheli haiiambii programu neno lolote juu ya faili. Inalifungua faili yenyewe, inaliweka kwenye mlango namba 1 wa programu, kisha ndipo inaiachia programu ianze. Kila programu huzaliwa na milango iliyokwisha kufunguliwa: namba 0 ya kusikia na namba 1 ya kusemea. Inasemea mlangoni. Nje ya mlango kuna nini, haina haja ya kujua. Mtu aliyeiandika hakutumia hata mstari mmoja kufikiria mafaili, na hata hivyo programu yake inaandika kwenye faili lolote nitakalo.

Kutoka hapo hadi kwenye bomba palikuwa na hatua moja, ingawa ilichukua muda. Doug McIlroy, mkuu wa kundi hilo, alikuwa ameandika waraka tangu mwaka 1964 akitaka programu ziungwe kama mipira ya kumwagilia bustani, unayoongezea kipande kingine kila ukihitaji. Aliwasumbua vijana wake kwa wazo hilo miaka kadhaa. Mwaka 1973 Thompson akalitia kwenye mfumo, na mlango wa kusemea wa programu moja ukaunganishwa na mlango wa kusikia wa nyingine.

Lakini kila mtu alikuwa amesahau kitu kimoja. Programu husema mambo ya aina mbili: matokeo ya kazi yake, na malalamiko yake. Faili halionekani, diski imejaa, mstari wa hamsini hausomeki, haya si matokeo. Siku hizo yote mawili yalipitia mlango namba 1. Maadamu maneno yalikwenda kwenye teminali, mtu aliyasoma kwa macho yake na kuyatenganisha mwenyewe, kama mama anavyotoa mawe kwenye mchele uliomo katika ungo. Ukiuelekeza mlango kwenye faili au kwenye bomba, ungo hakuna tena. Mawe yanaingia chunguni.

Jambo lililowazindua lilikuwa la kuchekesha. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 maabara ilipata mashine ya kupanga chapa kwa mwanga, iitwayo C/A/T, ya kampuni ya Graphic Systems, na Joe Ossanna akaiandikia programu ya troff. Mashine hiyo haikutoa karatasi iliyo tayari. Ilitoa ukanda wa karatasi ya picha, na ukanda huo ulipaswa kupitishwa katika mashine nyingine yenye dawa za kunuka, ukisubiri dakika kadhaa kabla ya kuona maandishi. Steve Johnson, yule aliyetunga programu ya yacc, amesimulia kwamba alasiri moja watu kadhaa walipatwa na jambo lilelile. Walipeleka kazi, wakavumilia harufu, wakangoja, na mwisho wakaukuta ukanda una mstari mmoja tu, uliopangwa kwa herufi nzuri za kitabu, ukisema kwamba faili halikuweza kufunguliwa. Manung'uniko yalikuwa makubwa, nayo yalisikiwa na watu wenye uwezo wa kufanya kitu. Kwa maelezo ya Johnson, siku chache tu baadaye mlango wa tatu ukazaliwa, namba 2, mahususi kwa malalamiko.

Tangu hapo ukielekeza matokeo kwenye faili kwa mshale, malalamiko hubaki yakija kwako. Ukitaka nayo yaende kwenye faili lake, unaandika 2 kabla ya mshale. Ukitaka kuyatupa, unayatupa, na hiyo ni hiari yako wala si ya programu. Sijui uvumbuzi mwingine wa kompyuta uliogharimu kidogo namna hii na kuokoa mengi namna hii. Ni namba tu.

Nilisema nitaeleza habari za wazee. Mwishoni mwa miaka ya 1990 nilifanya kazi katika ofisi moja Dar es Salaam iliyoshughulika na malipo ya wastaafu. Tulikuwa na programu iliyonunuliwa kwa mkandarasi, kazi yake kusoma kumbukumbu na kutoa orodha ya wanaolipwa. Orodha ilikwenda kwenye faili, na faili lilisomwa na programu ya pili iliyochapa hundi. Kila mstaafu alikuwa na mistari miwili: wa jina na namba yake, na wa kiasi. Sasa yule mkandarasi, miaka zaidi ya ishirini baada ya mlango namba 2 kuwapo duniani, alitoa maonyo yake kwa mlango uleule wa orodha. Mwezi mmoja kumbukumbu ya mtu fulani, kwenye herufi M, ikakosa tarehe ya kuzaliwa. Programu ikaandika mstari wa onyo katikati ya orodha na kuendelea. Programu ya hundi haikujua onyo ni nini. Iliuhesabu mstari huo kuwa jina, jina lililofuata ikalisoma kuwa fedha, ikakataa, na kutoka hapo hadi mwisho wa alfabeti kila kitu kikawa kimeteleza kwa mstari mmoja.

Waliokuwa na majina ya A hadi L walipata hundi zao. Wengine walikuja dirishani. Kulikuwa na mwalimu mmoja mstaafu aliyefika siku tatu mfululizo kutoka Kibaha, na kila siku nauli ni yake. Siku ya tatu nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mwezi uliopita nilikuwa hai. Mwezi huu mashine yenu imeniua?" Sikuwa na jibu la kumpa ambalo lingemfaa mtu mwenye kodi ya nyumba ya kulipa.

Mkandarasi alipigiwa simu, akasema marekebisho ni mkataba mwingine. Basi mwenzetu mmoja akatunga chujio la kuondoa kila mstari ulioanza na neno la onyo kabla orodha haijafika kwenye hundi. Hundi zikatoka. Lakini onyo lililochujwa halikumfikia mtu yeyote, na yule mstaafu asiye na tarehe ya kuzaliwa alibaki hana tarehe mwezi baada ya mwezi, akilipwa nusu kwa kuwa umri wake haukujulikana, mpaka alipokuja kuuliza mwenyewe. Ndiyo maana husikitika ninaposikia mtu akisema kutenganisha milango ni unadhifu wa wahandisi. Maneno mawili yaliyotoka kwa mlango mmoja hayatenganishwi tena pasipo kupoteza moja.

Turudi kwenye historia. Mwaka 1979 toleo la saba la Unix lilitoka na maktaba ya lugha ya C iliyoipa milango hiyo majina: stdin, stdout, stderr. Maktaba hiyo ilimpa mwandishi njia mbili za kusema. Moja, printf, ilikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa matokeo. Nyingine, fprintf, ilidai kwanza utaje mlango. Ya kwanza ni fupi kwa herufi moja na neno moja, na kwa wepesi huo ndiyo iliyofundishwa katika somo la kwanza la kila mwanafunzi. Nadhani wepesi huo umetugharimu. Mtu aliyezoea kusema bila kutaja msikilizaji huja kuandika sehemu za ndani za programu kubwa kwa mazoea hayohayo.

Kabla sijafika kwenye maktaba za siku hizi, nitaje ugomvi mmoja wa pembeni. Watu wa chuo kikuu cha Berkeley waliibadili amri ya ls, inayoorodhesha mafaili, ipange majina kwa safu ikiwa inasema na teminali, lakini iandike jina moja kila mstari ikiwa inasema na bomba. Yaani programu inachungulia nje ya mlango kabla ya kuamua namna ya kusema. Rob Pike na Brian Kernighan waliandika mwaka 1984 kwamba hiyo si njia nzuri, kwamba kazi ya kupanga safu ingepewa programu nyingine. Kwa hoja nawaunga mkono. Kwa macho yangu ya jioni, nashukuru kwamba hawakusikilizwa.

Maktaba za siku hizi zimeleta mtu wa tatu katika shauri letu. Zamani walikuwa mwandishi wa programu na mwenye kuitumia. Sasa mwandishi hachambui tena mstari wa amri kwa mkono wake, bali huchukua maktaba iliyo tayari, na hiyo maktaba ndiyo inayosoma maagizo, inayoandika maelezo ya msaada, na inayolalamika mtu akikosea tahajia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maneno yatokayo kwenye programu si ya mwandishi wake hata kidogo. Ikiwa maktaba inasema moja kwa moja kwenye mlango wa matokeo, mwandishi hana la kufanya. Hawezi kuipima programu yake kwa kuyakamata maneno na kuyakagua, wala kuiendesha ndani ya programu nyingine bila kelele zake kumwagika nje.

Dawa ni ileile ya sheli, ila imeletwa ndani: maktaba isiende mlangoni yenyewe, ipewe mlango. Symfony ya PHP hufanya hivyo kwa kukabidhi kila amri kitu cha kuandikia, ambacho chaweza kuwa skrini au kumbukumbu tu. Click, iliyotungwa na Armin Ronacher kwa lugha ya Python mwaka 2014, ina chombo cha kuiendesha amri na kukusanya yote iliyosema. Na katika lugha ya Go kuna Cobra, aliyoianzisha Steve Francia mwaka 2013, ambayo leo imo ndani ya kubectl ya Kubernetes na programu nyingine nyingi.

Ya Cobra ndiyo iliyonivutia zaidi. Mwanzoni ilikuwa na agizo moja la kuchagua pa kupeleka maneno, SetOutput, nalo lilihamisha maelezo ya matumizi na malalamiko kwa pamoja kwenda mahali pamoja. Mlango mmoja! Ikabidi baadaye yaongezwe maagizo mawili, SetOut kwa matokeo na SetErr kwa malalamiko, na lile la kwanza likaachwa kwa ajili ya programu za zamani likiwa na tangazo kwamba lisitumiwe tena. Wale watu wa ukanda wa picha wangetabasamu. Safari yao ilifanywa upya, hatua kwa hatua, miaka mingi baadaye na watu wanaotumia mlango namba 2 kila siku ya kazi yao.

Si kwamba mambo yote yana jibu la wazi. Chukua maelezo ya msaada. Ni matokeo au ni malalamiko? Kanuni za mradi wa GNU zinasema mtu akiomba msaada kwa --help, maelezo yaende kwenye mlango wa matokeo na programu imalize kwa salama, maana ndicho alichokiomba. Lakini akikosea amri na programu ikamwonyesha matumizi sahihi bila kuombwa, hayo ni malalamiko. Maneno yaleyale, milango miwili, kwa kutegemea kama mtu aliomba. Naona ni sawa kabisa, na ndivyo tunavyofanya sisi kwa sisi: nasaha niliyoifuata kwako na nasaha uliyoniletea barazani bila kuitwa hazipokewi kwa sikio moja.

Hata leo Cobra ina agizo la Println, jina ambalo kila mwandishi wa Go hulifahamu kuwa la kusema kwa kawaida. Katika Cobra, usipochagua mlango, Println hupeleka maneno kwenye mlango wa malalamiko. Nimewaona vijana wakielekeza matokeo kwenye faili, wakalifungua faili na kulikuta tupu, na maneno yote yako kwenye skrini yanawatazama. Mimi naona chaguo hilo halikuwa zuri, lakini kuligeuza sasa kungewavunjia kazi watu wengi walioandika programu zao wakilitegemea. Kijana anayetaka matokeo yake yafike kwenye faili hana budi kuutaja mlango kwa mkono wake, ama mara moja kwa SetOut, ama kwa OutOrStdout kila mahali anaposema.